Mwongozo Kamili: Makala Yako ya Kwanza ya Dakika Nane kwa Ajili ya Watoto

Kazi za kwanza za vijana wanaotaka kutengeneza vipindi vya watoto hunifikia mara kwa mara, na nyingi huanguka mahali pamoja. Picha ni safi, muziki umechaguliwa vizuri, mada ina maana. Lakini mtoto ambaye filamu inamhusu anaonekana akitabasamu na kutembea tu, huku mtu mzima akieleza maisha yake kwa niaba yake. Ukiiweka mbele ya watoto wa rika lake, kufikia dakika ya tatu wameshageukia kitu kingine.

Mwongozo huu ni wa kukutoa hapo. Tutatengeneza filamu moja ya makala, yaani ya maisha halisi: dakika nane, mhusika mmoja, kamera moja. Mfano nitakaoufuata ni wa msichana wa miaka kumi anayetaka kuziba pancha ya baiskeli bila kusaidiwa. Ondoa pancha, weka jambo lako. Hatua zinabaki zilezile. Usiziruke, maana makosa mengi yanayogunduliwa kwenye uhariri hufanyika kabla kamera haijawashwa.

## Unachohitaji

- Kamera inayoweza kufungwa mwanga na rangi. Simu nzuri inatosha, ilimradi programu yake inakuruhusu kuzuia mwanga usibadilike wenyewe katikati ya picha.
- Stendi inayoshuka chini kabisa. Mtoto wa miaka minane ana kimo cha takriban sentimita 125, na macho yake yako chini ya hapo. Akikaa sakafuni, stendi nyingi za kawaida haziwezi kumfuata.
- Maiki mbili. Moja ndogo ya kubana kwenye nguo, isiyo na waya, na nyingine ya kuelekeza, iliyofungwa kwenye fimbo.
- Hedifoni zinazofunika masikio. Bila hizo hujui ulichorekodi.
- Memori kadi mbili au zaidi, na diski mbili za kuhifadhia.
- Fomu za ridhaa zilizoandikwa kwa lugha ambayo mzazi anaizungumza nyumbani.
- Watu wawili wa kukusaidia. Mmoja wa sauti. Wa pili hana kazi nyingine ila kumwangalia mtoto: amechoka, ana njaa, anataka kwenda chooni, amechukia. Usimpe mtu huyu hata kushika taa. Akiwa na kazi mbili, ya mtoto ndiyo itakayoachwa.
- Daftari.

Muda: wiki mbili za maandalizi, siku tatu za kupiga picha, wiki mbili hadi tatu za kuhariri na kujaribu. Ukibana mahali, bana siku za kupiga picha, usibane maandalizi.

## Hatua ya 1: Chagua umri kabla ya kuchagua mada

"Kwa ajili ya watoto" si jibu. Mtoto wa miaka minne hupotea hadithi inaporudi nyuma kwa ghafla. Kwake kilichotangulia kwenye skrini ndicho kilichotangulia duniani. Mtoto wa miaka kumi huichukulia sauti ya kubembeleza kama dharau, na ana haki.

Ndiyo maana Prix Jeunesse International, tamasha la vipindi vya watoto linalofanyika München, Ujerumani, kila baada ya miaka miwili tangu 1964, hushindanisha kazi kwa makundi: hadi miaka 6, miaka 7 hadi 10, na miaka 11 hadi 15. Vituo vya televisheni navyo hununua kwa umri. Filamu isiyojua inamlenga nani haina saa ya kuonyeshwa.

Kwa kazi ya kwanza nakushauri miaka 7 hadi 10. Wanaweza kufuata hadithi ndefu kidogo, na bado wanapenda kuona jinsi vitu vinavyofanyika. Mhusika wako awe na miaka tisa au kumi, kwa sababu watoto hupenda kuwatazama wale waliowazidi kidogo kuliko walio wadogo kwao.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sentensi moja kwenye daftari: *Filamu hii ni ya mtoto wa miaka minane, tunayemfuata ana miaka kumi.*

## Hatua ya 2: Geuza mada iwe swali

"Baiskeli" ni mada. "Watoto na ufundi" ni mada ya semina. "Je, ataweza kuziba pancha peke yake kabla ya Jumamosi?" ni filamu.

Swali zuri lina vitu vitatu. Mtoto anataka jambo ambalo kamera inaweza kuliona. Kuna kizuizi ambacho hakutokana na wewe. Na jibu litapatikana ndani ya siku zako za kupiga picha, liwe zuri au baya. Pancha ina vyote: tairi gumu kutoka, tundu lisiloonekana, na gundi inayodai subira kabla ya kubandika kiraka. Subira hiyo ni hazina, kwa sababu subira ya mtoto inaonekana usoni.

Jihadhari na maswali yanayoanza na hali yake badala ya hamu yake. "Anaishije bila baba?" ni swali la watu wazima, mtoto hawezi kulifanyia kitu chochote mbele ya kamera isipokuwa kuhuzunika. Huzuni yake inaweza kuingia kwenye filamu, lakini iingie yenyewe, kupitia jambo analolifanya.

Mweleze mtoto mwingine swali lako. Akiuliza "Aliweza?", endelea. Akisema "Sawa" akaondoka, tafuta swali jingine.

## Hatua ya 3: Omba ruhusa mara mbili, kisha kila siku

Hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu hapa ndipo filamu ya watoto inapoweza kumwumiza mtu.

Ruhusa ya kwanza ni ya mzazi au mlezi, kwa maandishi. Fomu iseme filamu inahusu nini, itaonyeshwa wapi, kwamba ikishawekwa kwenye intaneti nakala zake zinaweza kubaki huko hata ukiifuta, na kwamba familia inaweza kujitoa hadi tarehe mliyokubaliana. Isome kwa sauti pamoja nao. Usiache karatasi na kuirudia kesho.

Ruhusa ya pili ni ya mtoto mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa, kwenye kifungu cha 12, haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kwenye kifungu cha 16 unalinda faragha yake. Saini ya mzazi haifuti vifungu hivyo. Nchi nyingi pia zina sheria kuhusu saa ambazo mtoto anaweza kushiriki kwenye utengenezaji wa filamu na vibali vinavyotakiwa. Zisome kabla ya kupanga ratiba.

Mweleze mtoto kwa vitendo. Mwonyeshe filamu nyingine fupi kwenye simu, kisha mwambie: "Watu usiowajua watakuona hivi. Na wa shuleni kwako pia." Halafu mfundishe kusema hapana. Mimi humpa mtoto ishara moja ya mkono inayozima kamera papo hapo bila maelezo, na siku ya kwanza namwomba aijaribu. Naizima kweli, katikati ya picha nzuri.

Mambo yasiyojadiliwa:

- Usikae peke yako na mtoto, hata kwa dakika tano za mahojiano.
- Usionyeshe jina lake kamili, nembo ya shule, namba ya nyumba, wala njia anayopita kila siku.
- Usiweke picha mtandaoni mkiwa bado mnapiga. Unatangaza mtoto yuko wapi sasa hivi.
- Usimwahidi zawadi kwa kulia, kucheka au kusema jambo fulani. Fidia ya muda zungumza na mzazi, mapema, bila kuifunga na maudhui.
- Watoto wengine wanaotambulika kwenye picha nao wanahitaji ruhusa. Kama huna, geuza kamera.

Kisha jiulize: akiwa na miaka 16, na wenzake wakaikuta filamu hii, atavumilia? Kama tukio lolote linakufanya usite, litoe sasa, kabla hujalipenda.

Ruhusa imepatikana pale mtoto anapoweza kukueleza kwa maneno yake mtakachofanya, na ameshakukatalia angalau jambo moja nawe ukakubali. Mtoto asiyekukatalia chochote bado anakutii tu.

## Hatua ya 4: Nenda bila kamera

Ziara ya kwanza nenda mikono mitupu. Kaa chini, msaidie kufanya analofanya, jua nani nyumbani ana sauti na nani hunyamaza.

Ziara ya pili nenda na vifaa, uvikabidhi. Avae hedifoni, asikie nyayo za kuku zikikuzwa masikioni. Akupige picha wewe, akuhoji. Mgeni mwenye kamera ni tukio kubwa kwa mtoto, na tukio kubwa humfanya mtu aigize. Kamera ikishakuwa kitu alichokichezea hadi kikamchosha, anarudi kwenye baiskeli yake.

Onyo: usiulize maswali yako mazuri kwenye ziara hizi. Mtoto husimulia jambo kwa moyo wote mara moja. Ukimwomba alirudie wiki ijayo mbele ya kamera, atakupa muhtasari wa simulizi.

## Hatua ya 5: Panga picha, usipange maneno

Usimwandikie mtoto maneno. Andika ukurasa mmoja tu: anataka nini, anaanzaje, wapi huenda akakwama, akishindwa atamwendea nani, na mwisho unaweza kuwa upi. Chini ya kila kipande orodhesha picha tano: mikono, uso, kutokea nyuma ya bega lake, picha pana ya mahali pote, na kile anachokitazama. Ukiwa na hizo tano, unaweza kufupisha saa moja iwe dakika moja bila mtazamaji kupotea.

## Hatua ya 6: Siku ya kupiga picha

Mipangilio ya kamera. Mahali ambapo umeme ni wa hezi 50 (mipigo 50 kwa sekunde), piga fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Palipo na hezi 60, tumia fremu 30 na shata ya 1/60. Sababu ni taa: zikiwaka kwa mpigo usiolingana na kamera, picha hupepesa, na mpepeso huo ni kazi ngumu kuuondoa baadaye. Funga mwanga na rangi kabla ya kila tukio.

Kimo. Lenzi iwe usawa wa macho ya mtoto. Ukimpiga kutoka juu, anakuwa mdogo na wa kuhurumiwa, na mtazamaji mwenzake anahisi anatazamwa kama yeye anavyotazamwa na watu wazima kila siku. Sheria hii naivunja kwa jambo moja tu: kuonyesha anachokiona yeye akiinama.

Sauti. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Kelele za juu zaidi zifike karibu na desibeli -12, kwa maana mtoto hunong'ona kisha akapiga kelele bila taarifa. Kifaa chako kikiweza, rekodi nakala ya pili kwa kiwango cha chini zaidi. Siku atakapopiga yowe la furaha, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Epuka kubana maiki kwenye nguo za nailoni zinazochakacha. Kabla ya kuondoka kila mahali, waombe wote wanyamaze dakika moja urekodi ukimya wa pale, maana kila mahali pana ukimya wake.

Muda. Vipande vya dakika ishirini hadi thelathini, kisha mapumziko ya kweli ambapo kamera inawekwa chini na kufunikwa. Yule mwenzako anayemwangalia mtoto ana mamlaka ya kusimamisha kazi kuliko wewe.

Sasa, jambo gumu zaidi la siku hiyo: usimsaidie, na usiruhusu asaidiwe upesi. Msichana wetu atabandika kiraka kabla gundi haijakauka vizuri. Fundi aliye karibu atafungua mdomo. Kabla ya kuanza, mwombe fundi ahesabu hadi kumi kimoyomoyo kila anapotaka kusema kitu, na aweke mikono mfukoni. Ndani ya sekunde hizo kumi, mtoto atatazama kiraka kinachoteleza, atatazama gundi, atatazama kidole chake. Atafikiri. Mtoto anayefikiri mbele ya kamera ndiye filamu yako, na mtu mzima mwenye upendo anaweza kumzima kwa neno moja. (Hatari ya kweli ni tofauti: moto, kisu, barabara. Hapo kamera inaachwa mara moja.)

Shikilia kila picha sekunde kumi baada ya kudhani imekwisha. Mambo mazuri ya watoto hutokea baada ya jambo kwisha: anaangalia kama kuna aliyemwona, anajipongeza kimya, anaujaza mpira upepo tena ili ahakikishe.

Unaweza kumwomba arudie tendo la mikono, kwa mfano kusugua mpira kwa msasa, ili upate picha ya karibu. Usimwombe kamwe arudie mshangao, furaha au machozi. Akigundua kwamba hisia zake ni kazi, ataanza kukutengenezea nyingine, na hutapata tena ya kweli.

## Hatua ya 7: Mahojiano

Kazi nyingi ninazoziona zinaharibikia hapa. Mtoto amekalishwa kwenye kiti, miguu inaning'inia, taa machoni, mama pembeni akimwashiria, na mtu mzima anauliza, "Unajisikiaje?" Anajibu "Vizuri." Nini kingine angejibu?

Kaa sakafuni, chini yake kidogo kama inawezekana. Mpe mikono yake kitu cha kushika kinachohusiana na jambo lenyewe: ule mpira wenye kiraka. Mzazi akae nyuma ya kamera, mahali anapoona na kusikia kila kitu, lakini mtoto asipoweza kumtazama kutafuta jibu.

Anza kila swali na jambo lililotokea, siyo hisia. Linganisha:

"Ulifurahi pancha ilipozibika?"
"Ndiyo."

Na hili:

"Gundi ilipokuwa inakauka, ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa nahesabu. Nilifika mia mbili, nikaigusa, ikanivuta kidole. Nikajua bado. Nikaanza tena moja."

Jibu la pili lina wasiwasi, subira na akili yake yote, na neno "furaha" halimo. Maswali yanayofungua watoto ni mafupi: "Nionyeshe." "Kabla ya hapo?" "Ulijuaje?" "Mdogo wako angekuuliza inafanywaje, ungemwambiaje?" Hilo la mwisho linafaa sana, kwa sababu mtoto anageuka kuwa fundi na kuacha kuwa mwanafunzi.

Baada ya jibu, nyamaza. Hesabu hadi saba. Jibu la kwanza mara nyingi ni la kukuridhisha wewe. La pili, linalokuja ndani ya ukimya, ni lake.

Tahadhari tatu. Watoto huelekea kukubaliana na mtu mzima, kwa hiyo swali lenye jibu ndani yake ("Ilikuwa ngumu, siyo?") litakurudishia jibu lako mwenyewe. Pili, usirudie swali kwa maneno yaleyale. Mtoto hudhani jibu lake la kwanza lilikuwa baya, na hulibadilisha hata kama lilikuwa kweli. Badilisha njia, uliza jambo la jirani. Tatu, ile mbinu ya kumwambia anayehojiwa "anza kwa kurudia swali langu" iache kwa watu wazima. Mtoto akishapewa kanuni ya namna ya kusema, nguvu zake zote zinakwenda kwenye kanuni.

Dakika ishirini, basi. Umefaulu kama umepata sentensi tatu ambazo hakuna mtu mzima angeweza kuzitunga.

## Hatua ya 8: Hifadhi jioni ileile

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo tofauti. Usifute kadi hadi umefungua faili kadhaa kwenye kila nakala na kuzitazama. Hizi ni picha za mtoto wa watu: diski ziwe na nenosiri, na usizisambaze kwenye makundi ya simu hata kwa kujivunia kazi.

## Hatua ya 9: Hariri kutoka kwa mtoto kwenda nje

Usianze na picha nzuri. Anza kwa kuandika maneno yote ya mtoto kwenye karatasi, uchague yale yanayosukuma swali mbele, kisha upange picha kuyazunguka. Watu wazima waingie mwishoni, pale tu pasipoeleweka bila wao. Kwenye dakika nane, sauti zao zote kwa pamoja zisizidi dakika moja. Ukiona unahitaji zaidi, kuna picha hukuipiga; rudi ukaipige.

Swali lijulikane ndani ya sekunde ishirini za mwanzo. Tairi halina upepo, msichana analitazama, anasema anachotaka. Jina la filamu lije baadaye.

Fuata mpangilio wa matukio yalivyotokea. Acha kushindwa kwake kuonekane kwa ukamilifu: kiraka kilichobanduka ndicho kinachofanya cha pili kiwe na uzito. Wahariri wapya hukifupisha kwa kuogopa kumdhalilisha, kumbe mtazamaji wa miaka minane anashindwa mambo kila siku na anataka kuona mtu anaendeleaje baada ya hapo.

Sauti ya msimulizi iandikwe mwisho, ikiwa itahitajika. Sentensi fupi, wazo moja kila sentensi. Isiseme kinachoonekana. Kama picha inaonyesha mpira ndani ya beseni la maji na mapovu yanapanda, msimulizi asiseme "mapovu yanapanda". Anaweza kusema, "Hewa inatafuta njia ya kutokea," au anyamaze amwache mtoto anayetazama agundue tundu liko wapi. Ugunduzi huo ni wake, usimnyang'anye.

Muziki uwe chini sana kuliko unavyotaka, na ukatike kabisa anapofikiri. Hakikisha una haki ya kuutumia kwa televisheni na mtandao, kwa maandishi.

Mambo mawili ya kiufundi yanayokataliwa na vituo:

Mimweko. Usiweke mwanga unaowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, hasa mwekundu. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, kipande cha katuni ya Pokémon chenye mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na bluu kilisababisha watoto zaidi ya 600 kupelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege.

Kiwango cha sauti. Vituo vingi vinavyofuata kanuni za Ulaya hudai wastani wa -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika. Marekani ni -24. Uliza kituo chako kabla ya kuchanganya sauti.

## Hatua ya 10: Ijaribu mbele ya watoto usiowajua

Kabla ya Sesame Street kuanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1969, watafiti wake walimkalisha mtoto mbele ya televisheni, na pembeni wakaweka skrini nyingine yenye picha zilizobadilika kila baada ya sekunde chache. Mtafiti aliandika kila mara macho ya mtoto yalipohama. Sehemu zilizopoteza macho zilirekebishwa.

Unaweza kufanya hivyo kwa karatasi na kalamu za rangi. Alika watoto watano au sita wa umri unaoulenga, wasiomjua mhusika wala wewe, kwa ruhusa ya wazazi wao. Weka kalamu na karatasi mezani, waambie wanaweza kuchora au kutazama. Kaa pembeni, watazame wao. Kila sekunde kumi andika ni wangapi wanaangalia filamu.

Niliwahi kufungua makala na picha ya sekunde arobaini ya ukungu ukiondoka bondeni. Ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga. Watoto wote sita walichora. Mhusika alipotokea akiburuta gunia, vichwa vyote vikainuka pamoja. Makala ikaanza na gunia, na ukungu sikuutumia.

Ikiisha, usiulize "Mmependa?" Watasema ndiyo. Waombe wamsimulie mwenzao aliyekuwa nje. Sikiliza walichoruka, hapo ndipo filamu haieleweki. Sikiliza walichokipanga upya. Hapo mpangilio wako una kasoro. Hariri, kisha ujaribu tena kwa kundi jipya. Umefika ukisikia wakibishana jinsi wao wangeziba ile pancha.

## Hatua ya 11: Mhusika aione kabla ya mtu mwingine yeyote

Nyumbani kwake, pamoja na familia, kabla uhariri haujafungwa. Mtazame usoni, siyo kwenye skrini. Akikaza mwili mahali fulani, muulize baadaye, mkiwa mmekaa pembeni na mzazi yupo. Akitaka kitu kitolewe, kitoe. Nimewahi kupoteza tukio zuri namna hii, na filamu haikufa.

## Hatua ya 12: Ipeleke

Kwa televisheni, andika nusu ukurasa: umri unaolengwa, urefu, swali la filamu kwa sentensi moja, kwamba ridhaa na haki za muziki zipo kwa maandishi. Usiandike falsafa yako kuhusu utoto. Ambatanisha kiungo chenye nenosiri.

Swali ambalo mnunuzi wa vipindi atakuuliza kama amependa ni: "Unaweza kutengeneza sita za aina hii?" Vituo hujaza saa za kila wiki, na filamu moja peke yake haina mahali pa kukaa. Kwa hiyo kabla ya kutuma, uwe na maswali mengine matano kwenye daftari, kila moja likiwa na mtoto anayetaka jambo, kizuizi chake, na siku ambayo jibu litajulikana.

Ukiiweka YouTube, tangu Januari 2020 unatakiwa kutamka kwamba video ni ya watoto. Ukitamka hivyo, maoni hufungwa na matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi huondolewa, kwa hiyo mapato hupungua. Tamka hivyo hivyo. Kwenye maelezo ya video tumia jina la kwanza la mtoto tu, au jina alilolichagua mwenyewe.

Mpigie mzazi simu siku moja kabla ya filamu kuonyeshwa, ajue saa na mahali. Piga tena baada ya wiki, umwombe akupe mtoto, umuulize wenzake shuleni wamesema nini.